Kwa nini wakala wangu aliikataa meli ya bei nafuu?

"Nina duka la vigae na vifaa vya bafuni Mwanza. Kila baada ya miezi miwili mitatu naagiza kontena moja la futi 20 kutoka Foshan, China, kupitia Dar es Salaam. Mzigo uliopita wakala wangu aliniletea bei za kampuni mbili za meli. Nilimwambia achukue ya chini, maana ilikuwa pungufu kwa dola 350. Yeye akang'ang'ania ile ya juu, akasema tu, 'Mama, hii ndiyo itakayokufaa.' Nikakubali kwa shingo upande. Jirani yangu wa duka alitumia ile ya bei ya chini na kontena lake likafika Dar siku nne kabla ya langu! Nilipolalamika, wakala akasema ni mambo ya vita Bahari ya Shamu. Mume wangu anasema nimbadilishe kwa sababu anakula kamisheni. Naomba kujua, hawa mawakala wanachaguaje kampuni ya meli? Na je, naweza kuchagua mwenyewe? Mzigo wangu mwingine utakuwa tayari kiwandani mwanzoni mwa Januari."

Dada yangu, naelewa kinachokuuma. Umelipa zaidi, mzigo umefika nyuma ya wa jirani, na mtu uliyempa kazi amekujibu kwa sentensi moja. Katika hayo matatu, la mwisho ndilo kosa la wazi la wakala wako. Hayo mengine mawili yanataka kupimwa, kwa sababu nauli ndogo na kuwahi kufika Dar havitoshi kuthibitisha kwamba jirani amefaidika, wala nauli kubwa haithibitishi kwamba wewe umepigwa.

Tuanze na kazi yake. Wakala wa mizigo hana meli. Ananunua nafasi kwa kampuni kama MSC, Maersk, CMA CGM, COSCO au PIL, halafu anakuuzia wewe pamoja na huduma zake: kukata nafasi, kupata kontena tupu, nyaraka, na mara nyingi kutoa mzigo bandarini na kutafuta lori. Anayesafirisha makontena mengi kwa mwaka hufunga mkataba na kampuni mbili tatu, akapewa bei yake na nafasi zake mradi atimize idadi aliyoahidi. Asiye na mzigo mwingi hununua kwa bei ya soko, ambayo inaweza kupanda au kushuka kila baada ya wiki mbili. Kwa hiyo bei mbili zinapokufikia wewe, uchujaji mwingi umeshafanyika. Ameanza na kampuni anazojuana nazo, zinazompa muda wa kulipa, ambako akipiga simu kuna mtu anayepokea. Sioni ubaya wowote hapo. Kontena likikwama njiani, tuseme Colombo kule Sri Lanka, simu inayopokelewa ina thamani kuliko dola 50 za nafuu.

Kuhusu kamisheni, mumeo hajakosea kuuliza. Wakala anaweza kupata fedha kwa njia mbili. Ya kwanza ni tofauti kati ya bei anayonunulia nafasi na bei anayokuuzia, na hiyo ndiyo riziki yake, kama wewe usivyouza vigae Mwanza kwa bei ya kiwanda. Ya pili ni asilimia ndogo ya nauli ambayo kampuni za meli huwapa mawakala katika baadhi ya masoko, au punguzo la mwisho wa mwaka kwa wingi wa mizigo aliyowapelekea. Hii ya pili inaweza kumvuta mtu kuelekea kampuni fulani hata pale isipomfaa mteja. Msimamo wangu ni huu: wakala anayekupa bei moja iliyojumuisha kila kitu halazimiki kukufunulia faida yake. Lakini anayekuambia, "Nauli nakupa kama ilivyo, mimi natoza ada yangu tu," kisha akapokea kitu pembeni, huyo hakutendei haki. Muulize yeye yuko upande gani, na ajibu kwa maandishi. Ukishajua hilo, maneno ya kamisheni yanapungua na unabaki na swali la msingi: chaguo lake lilikuwa sahihi au la?

Hapa niondoe dhana moja iliyozagaa sana, kwamba ukichagua kampuni umechagua meli. Sivyo. Kampuni za makontena hushirikiana. Moja inaweka meli, nyingine inanunua nafasi humo humo, na kila moja inauza kwa jina lake na kwa bei yake. Tangu Februari 2025, kwa mfano, Maersk na Hapag-Lloyd wanaendesha pamoja mtandao wao wa Gemini, na CMA CGM, COSCO, Evergreen na OOCL wana muungano wao. Hayo ni ya njia kubwa za dunia, ila utaratibu huo wa kugawana nafasi upo hata kwenye meli zinazokuja kwetu. Inawezekana kabisa makontena mawili yaliyolipiwa kampuni tofauti, kwa nauli tofauti, yakasafiri juu ya meli moja. Kinachotofautiana hapo ni mkataba ulioambatana na kontena: siku za bure, ukomo wa uzito, nani anabaki meli ikijaa, na ofisi ya Dar inavyotoa hati ya kuruhusu mzigo. Mambo hayo ndiyo wakala mzoefu anayoyaangalia, na mengi yake hayaonekani kwenye ule mstari wa nauli uliouona.

Nikae kwenye siku za bure, kwa sababu kwa mtu wa Mwanza hapo ndipo hesabu yote inapogeukia.

Kontena si mali yako. Ni la kampuni ya meli, na kampuni inakupa siku kadhaa za kulitumia bila malipo tangu linaposhushwa melini. Zikipita, tozo inaanza kuhesabika kila siku mpaka kontena tupu lirudi kwenye depoti yao. Bandarini watu huziita tozo zote "dimareji", lakini kuna mifuko tofauti inayokula hapo. Kuna tozo ya kampuni ya meli wakati kontena lingali bandarini na lina mzigo. Kuna tozo ya kampuni hiyo hiyo kontena likishatoka na bado hujalirudisha. Kisha kuna storeji ya bandari yenyewe, ambayo ni ya mwenye gati na haiihusu kabisa kampuni ya meli. Kampuni nyingine zinaunganisha zile tozo mbili za kwanza chini ya idadi moja ya siku za bure, nyingine zinazitenganisha. Siku zenyewe kwa kawaida ni za kalenda: Jumapili imo, Idi imo, na siku ambayo mtandao wa forodha haufanyi kazi imo pia.

Sasa pima safari ya kontena lako. Tuseme, kwa mfano tu wa hesabu, kutoa mzigo bandarini kunachukua siku 7, kupata lori siku 2, barabara ya Dar hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 1,100, siku 4 kwa lori lililobeba vigae, kupakua siku 3 kwa kuwa vigae hushushwa boksi kwa boksi, na lori kusubiri mzigo wa kurudia, kushuka Dar na kuingiza kontena tupu depoti siku 6. Jumla ni siku 22. Kampuni ya kwanza ina nauli ya chini na siku 7 za bure. Ya pili ni ghali kwa dola 350, lakini wakala amejadiliana nayo akapata siku 21. Tozo tuiweke dola 40 kwa siku. Kwa kampuni ya kwanza utalipia siku 15, yaani dola 600. Kwa ya pili utalipia siku 1, dola 40. Ile iliyoitwa nafuu imekugharimu dola 210 zaidi, na hapo nimeweka tozo isiyobadilika, wakati nyingi hupanda kwa ngazi kadiri siku zinavyosogea.

Namba za kweli unazo wewe kwenye nyaraka zako. Tafuta barua pepe ya wakala yenye bei zile mbili uone siku za bure zilizoandikwa. Kama hazikuandikwa kabisa, basi hukuletewa bei kamili, na mzigo unaofuata usikubali karatasi ya namna hiyo. Kisha muulize jirani yako swali moja: kontena tupu alilirudisha lini, na alilipa kiasi gani siku hiyo? Siku nne alizokutangulia kufika Dar zinaweza kuwa zimeliwa zote pale getini.

Kuna njia ya kukwepa tozo hizi ambayo wafanyabiashara wengi wa mikoani wanaitumia: kufungua kontena Dar, kuhamishia mzigo kwenye lori la kawaida, na kurudisha kontena tupu ndani ya siku mbili. Kwa nguo au viatu naiunga mkono bila kusita. Kwa vigae fikiri mara mbili, maana kila kupakuliwa na kupakiwa upya kuna pembe zinazovunjika, na boksi lenye vigae viwili vilivyopasuka mteja atalirudisha dukani kwako. Masinki ya kauri ndiyo kabisa. Kwa bidhaa zako, siku za bure za kutosha ni bora kuliko kuhamisha mzigo Dar.

Turudi kwenye zile siku nne. Makontena mengi ya China kuja Dar hayaji moja kwa moja. Lako pengine lilianza kwa tishari kwenye mto, kutoka Foshan hadi bandari ya Nansha au Shekou, likapakiwa kwenye meli kubwa, likashushwa Singapore, Port Klang ya Malaysia, Colombo au Salalah kule Oman, likakaa uwanjani kungoja meli nyingine ya kuja pwani yetu. Ratiba inayosema "siku 25" inadhani meli ya pili itakuwepo kwa wakati na ina nafasi. Ikiwa imejaa, kontena linabaki, na kampuni inaamua lipi litangulie na lipi lisubiri. Ni kama basi la mkoani lililouza tiketi kuzidi viti, na anayebaki stendi mara nyingi ni yule aliyelipa bei ya chini bila mkataba. Ukishafika Dar kuna foleni ya nangani, na kuna tofauti ya gati na gati. Kwa hiyo siku nne kati ya makontena mawili ni tofauti ya kawaida kabisa. Kampuni ya Sea-Intelligence ya Denmark hupima kila mwezi ni meli ngapi duniani zinafika kwa ratiba, na mwanzoni mwa 2022, msongamano wa kipindi cha korona ulipokuwa umepamba moto, ni takriban meli 30 tu katika kila 100 zilizofika kwa wakati. Hali imekuwa nzuri zaidi tangu hapo, lakini hakuna wakala mkweli anayeweza kukuahidi tarehe.

Anachoweza kukuahidi ni kupunguza nafasi za kuharibika. Huduma isiyobadilisha meli njiani ni bora kuliko inayobadilisha mara moja, na ya mara moja ni bora sana kuliko ya mara mbili. Huduma yenye meli kila wiki ni bora kuliko yenye meli kila siku kumi, kwa sababu kontena likiachwa, kosa linakugharimu wiki moja tu. Kwa maoni yangu, kigezo hiki cha meli kila wiki kina uzito kuliko kasi inayotangazwa kwenye ratiba, na bado ni wateja wachache wanaokiuliza.

Ile sababu ya Bahari ya Shamu nimeisikia kwa mawakala wengi, na wanaitumia vibaya. Mzigo wa kutoka kusini mwa China kuja Dar es Salaam unapita Mlango wa Malacca na kuvuka Bahari ya Hindi. Haupiti Bahari ya Shamu wala Mfereji wa Suez. Mashambulizi ya Wahouthi wa Yemen dhidi ya meli, yaliyoanza Novemba 2023, yalizifanya kampuni kubwa kuzungusha meli zao za Asia na Ulaya kupitia Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika, safari zikarefuka kwa takriban siku 10 au zaidi. Athari yake kwetu kutoka China ni ya mzunguko: safari ndefu zinameza meli nyingi zaidi, meli zinapungua kwingineko, makontena tupu yanachelewa kurudi China, bandari za kubadilishia meli zinajaa, na nauli zinapanda. Kwa hiyo wakala wako anaweza kuwa na chembe ya ukweli, ila ilimpasa aeleze kontena lilichelewa bandari gani na kwa siku ngapi. Namba ya kontena ukiiingiza kwenye tovuti ya kampuni ya meli inakuonyesha tarehe liliposhushwa na tarehe lilipopakiwa tena. Angalia hilo mwenyewe, ni bure. Mwagizaji wa mitumba au mashine kutoka Ulaya, yeye sababu hiyo inamgusa moja kwa moja.

Vigae vina jambo lao jingine: uzito. Kontena la futi 20 lina nafasi ya takriban mita za ujazo 33, lakini vigae hulifikisha kwenye ukomo wa uzito kabla hata ya kujaza nusu. Kampuni moja inaweza kukubali tani 27 za mzigo, nyingine ikaanza kutoza ziada chini ya hapo, na nyingine ikakataa kwa sababu meli yao ya kuja Dar imeshafikia uzito wake ingawa nafasi ipo. Tena tangu Julai 2016 sheria za kimataifa za usalama wa meli zinataka uzito uliothibitishwa wa kila kontena utolewe kabla ya kupakiwa. Kiwanda kikiandika uzito wa kukisia, kontena linaachwa bandarini. Nauli ya jirani yako, kama anauza mapazia au viti vya plastiki, haikuhusu hata kidogo. Mwambie wakala uzito halisi kabla hajaomba bei, halafu uulize kama bei aliyoleta inauhimili.

Lipo suala ambalo hukuliuliza, nami naona lina uzito kuliko zile dola 350. Kwenye hati ya shehena, hiyo tunayoiita BL, jina la nani limeandikwa kama mpokeaji? Wakala anaweza kukupa BL aliyoitoa yeye, huku BL ya kampuni ya meli ikiwa na jina lake. Ni utaratibu halali na wa kila siku, hasa kwa mizigo ya watu wengi ndani ya kontena moja. Lakini ina maana kwamba kampuni ya meli haikutambui. Wakala asipoilipa, kontena lako litashikiliwa ijapokuwa wewe umemlipa yeye mpaka senti ya mwisho. Kwa kontena zima kama lako, omba BL ya kampuni ya meli yenyewe, yenye jina la biashara yako. Akikataa bila sababu inayoeleweka, hapo ndipo ningeanza kumsikiliza mumeo.

Uimara wa kampuni ya meli nao upo kwenye mizani, ingawa kwa kampuni kubwa suala hilo halijitokezi mara kwa mara. Hanjin ya Korea Kusini ilikuwa miongoni mwa kubwa duniani ilipoomba ulinzi wa mahakama mwishoni mwa Agosti 2016. Meli zake zilibaki zikielea nje ya bandari na shehena za watu ndani, kwa kuwa bandari ziliogopa kutolipwa. Mawakala waliopitia kipindi kile hawapeleki mzigo kwa kampuni mpya kwa sababu tu imeshusha nauli. Na kampuni yoyote utakayochagua, kata bima ya bahari. Dhamana ya kampuni ya meli kwa uharibifu ina ukomo mdogo uliowekwa na mikataba ya kimataifa, na ikitokea ajali wenye mizigo wote wanaweza kutakiwa kuchangia gharama za uokoaji, kama ilivyotangazwa baada ya meli ya Ever Given kukwama Suez Machi 2021. Asiye na bima huweka fedha taslimu ndipo apewe mzigo wake.

Sasa, unaweza kuchagua mwenyewe? Unaweza, na inategemea umenunuaje. Ukinunua kwa CIF, yaani bei ya muuzaji iliyojumuisha bima na nauli, muuzaji wa Foshan ndiye anayekata nafasi, na anachagua nauli ya chini kabisa kwa sababu kinachotokea Dar hakimhusu. Wanaochangia kontena kwa CIF wanaumia zaidi: huambiwa nauli ni karibu na bure, halafu gharama zilizofichwa zinawasubiri Dar kwenye ofisi ya mkusanyaji mizigo. Ukinunua kwa FOB, yaani bei isiyo na nauli ya meli, kiwanda kinafikisha mzigo melini na kinamaliza forodha ya China, na wewe ndiye mwenye sauti juu ya meli. Kwa vile wakala wako ndiye aliyekuletea bei, nadhani uko FOB. Baki hapo hapo.

Kampuni kadhaa zinauza nafasi moja kwa moja mtandaoni. Maersk, kwa mfano, imekuwa ikiuza kwa bei ya papo kwa papo tangu 2019, na ukikata nafasi usipoleta mzigo unatozwa faini. Kwa anayeagiza kontena moja kila miezi miwili, sikushauri uanzie hapo. Kiwanda kikichelewa siku tatu, faini ni yako. Kontena likiachwa Port Klang, ni wewe utakayeandika barua pepe usiku. Na siku za bure 21 ambazo wakala mwenye mzigo mwingi anaweza kuzipata, wewe kwa kontena moja pengine hutazipata. Njia ninayoipendekeza ni ya katikati: baki na wakala, ila chukua bei kwa wakala wa pili kila mzigo, na kila mmoja akuandikie hesabu mpaka kontena tupu litakaporudi depoti. Ukiona wa kwako yuko juu kwa kiasi kidogo lakini mambo yako yanakwenda, usihame. Ukiona yuko juu mara zote na siku za bure ni chache vilevile, hama bila kuona haya.

Kuna hali ambazo maandishi kama haya hayatoshi na inakupasa uende au umtume mtu unayemwamini. Kontena likiwa tayari linahesabiwa tozo, nenda ofisi ya kampuni ya meli Dar ukiwa na BL yako, uombe mchanganuo wa siku na punguzo, kwa sababu punguzo huombwa ana kwa ana kabla ya kulipa. Ukishalipa, kurudishiwa ni kazi nyingine kabisa. Ukiamini umetozwa kinyume na makubaliano, TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, ndiyo inayosimamia mawakala wa meli na inapokea malalamiko ya wateja. Peleka ankara na barua pepe, maneno matupu hayatakusaidia. Vigae vikionekana vimevunjika mlango unapofunguliwa, simamisha kupakua, piga picha za lakiri na za mzigo ulivyokaa, na muite mkaguzi wa bima kabla hata boksi moja halijasogezwa. BL nyingi zinataka taarifa ya maandishi ndani ya siku 3 kwa uharibifu usioonekana kwa nje, na madai mahakamani ndani ya mwaka 1. Ukitakiwa na mtu yeyote ubadilishe jina la mpokeaji kwenye BL wakati mzigo uko baharini, usisaini kitu kabla ya kuonana na mwanasheria anayejua mambo ya meli. Wapo Dar.

Na huo mzigo wa Januari una haraka yake. Mwaka Mpya wa Kichina huangukia kati ya tarehe 21 Januari na 20 Februari, na majuma kabla ya hapo kila kiwanda kinataka kusafirisha. Meli zinajaa, nauli zinapanda, madereva na wenye matishari wanaanza kwenda makwao mapema. Baada ya sikukuu kampuni za meli hufuta baadhi ya safari kwa kukosa mzigo. Kontena litakalokosa meli kwenye dirisha hilo linaweza kukaa mwezi mzima. Msimu huu ndio ambao ningekubali kulipa zaidi kwa kampuni yenye meli kila wiki na yenye mkataba na wakala wako, kwa sababu anayekata nafasi kwa bei ya chini ndiye wa kwanza kuachwa.

Kwa hiyo mwandikie wakala wako wiki hii, usisubiri Desemba iishe. Mpe uzito halisi na tarehe ambayo kiwanda kimeahidi kwa maandishi. Akuletee kampuni mbili, na kwa kila moja aandike nauli pamoja na tozo zote za Dar, siku za bure na kama zimeunganishwa, inabadilisha meli bandari gani, kuna meli kila baada ya siku ngapi, bei inaishia tarehe gani, na BL itatoka kwa jina la nani. Akuwekee nafasi wiki tatu au nne kabla, pamoja na nafasi ya akiba kwenye meli ya wiki inayofuata kama kampuni inaruhusu bila faini. Kiwanda kikianza kusema "labda tarehe 12, labda 15", mwambie wakala mapema kwamba mzigo usubiri hadi baada ya sikukuu, na uulize bei upya wakati huo, maana nauli za mwezi Machi mara nyingi huwa zimeshapoa.